Kiunzi cha Nane cha Verlene Askew

Niliporudisha ile sentensi kwa mara ya tatu, Dada Ernestine Askew aliacha kupigana nami kwenye kompyuta, akanifuata kanisani.

Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, tumeshuka kwenye ukumbi wa chini kula. Nilikuwa na sahani mkononi, mboga ya sukumawiki iliyochemshwa na nyama ya moshi na kipande cha mkate wa mahindi, natafuta kiti. Akasimama mbele yangu na kofia yake ya zambarau.

"Shemasi Gadsden, wewe ndiye Mzee wa Ramani?"

Hilo ndilo jina ninalotumia kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu nimejipa zamu ya kulinda kurasa za wanamichezo wa Chuo cha Bledsoe, chuo chetu hapa Fenwick, Alabama. Vijana wanaingia humo wanaandika upuuzi, kwamba fulani alizaliwa mwezini, kwamba fulani ana mapacha na mke wa kocha. Mimi nafuta. Sina subira na watu wa namna hiyo, wala sijidai kuwa nayo. Neno langu ni moja: pasipo chanzo kilichochapishwa, sentensi haikai. Kikiwepo chanzo, inakaa, hata kama inamuuma mtu.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Basi wewe ndiye unayemwita mdogo wangu mla dawa."

Meza nzima ya akina mama wa kwaya iligeuka. Sentensi yenyewe ilisema hivi: katika mwaka wake wa mwisho chuoni, Verlene Askew aliondolewa kwenye timu ya riadha baada ya kukutwa ametumia dawa za kuongeza nguvu. Ernestine alikuwa anaifuta, mimi nairudisha, bila kujua kwamba anayeifuta ni mtu ninayekaa naye benchi moja.

"Simwiti mimi, Dada Ernestine. Gazeti ndilo lililosema."

"Gazeti! Gazeti ndilo lililomlea? Verlene aliacha mbio mwaka ule kwa sababu mama yetu alipooza upande mzima, na mimi nilikuwa na watoto wachanga. Alirudi nyumbani kumgeuza mama kitandani. Hiyo ndiyo dawa aliyotumia."

"Nakuamini."

"Basi futa."

"Siwezi kufuta kwa sababu tu nakuamini."

"Ala! Hebu rudia hilo, na hawa wasikie."

Nikarudia, na safari hii lilisikika baya zaidi. Mama mmoja wa kwaya aliguna akasema, "Huyu kasoma mpaka akapitiliza." Wakacheka. Ernestine hakucheka. Alinishika mkono wenye sahani akanivuta kando, karibu na mlango wa jiko.

"Hospitali wamemrudisha nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Nesi anakuja kila siku kumtuliza maumivu tu. Wanasema hatafika Sikukuu ya Shukrani, Novemba. Siku ya kumuaga, watoto wote aliowafundisha watajaa kwenye mabenchi hapo juu na simu zao mkononi. Unajua shuleni walikuwa wakimwitaje? Kocha Sindano. Unadhani kwa nini aliacha kazi? Sitaki azikwe na sentensi hiyo, Lemuel."

Tangu niwe shemasi hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nilifundisha shule ile ile na Verlene. Alipoacha kazi nilichangia keki ya kumuaga, nikadhani kachoka tu kama tunavyochoka sote. Roho iliniuma sana, na chakula sikukimaliza.

Nilifika nyumbani nikaanza kuchimba. Magazeti ya miaka ile yote maktaba imeyahifadhi, na Verlene yumo tele: Verlene kashinda Montgomery, Verlene kashinda Atlanta, Verlene angani juu ya kiunzi, mguu mbele na meno nje. Habari ya dawa sikuiona popote. Mwaka wa mwisho anatoweka tu, hasemwi. Chanzo kilikuwa kimoja peke yake, makala ndefu kuhusu nyota wa zamani wa Bledsoe, iliyoandikwa Verlene akiwa tayari ni mwalimu wa michezo shuleni. Gazeti lenyewe limeshafungwa. Mwandishi alikuwa Thaddeus Boykin, ambaye sasa anaandika safu kwenye gazeti la wiki la weusi wa kaunti yetu. Nikampigia.

"Boykin hapa. Kama unauza bima, ninazo za kutosha kufa mara mbili."

"Ni Gadsden wa jiografia. Ile habari ya Verlene Askew na dawa, uliitoa wapi?"

"Wewe unaniuliza mimi? Niliitoa kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenye hiyo ensaiklopidia yenu, bwana! Mhariri alikuwa ananikalia kooni, nina wanamichezo chungu nzima wa kuandika kabla ya chakula cha mchana. Nikafungua ukurasa wake, nikachukua. Si mnakaguana huko?"

Nikavuta kiti nikakaa. Kumbe mambo yalikwenda hivi. Mtu asiyejulikana, labda mtoto aliyeachwa nje ya timu ya shule, aliingia kwenye ukurasa akaandika uongo ule bila chanzo chochote, na siku hizo hakuna aliyekuwa akiulinda. Boykin akauchukua akauchapisha. Kisha mwenzetu mmoja mwangalifu, alipoona sentensi haina chanzo, akatafuta, akaikuta makala ya Boykin, akaibandika hapo. Uongo ulitoka kwetu ukaenda gazetini, ukarudi kwetu umevaa suti. Mimi nilikuwa mlinzi wake.

"Thaddeus," nikamwambia, "mwanamke anakufa na jina hilo."

Nilisikia akivuta pumzi. "Mungu wangu. Nipe wiki hii. Nitaandika kwamba nilikosea, na nitaandika kwa jina langu."

Mwenzetu mwangalifu jina lake la humo ni Korongo. Anaishi mbali, sijawahi kumwona, na kwa ubishi ananishinda. Kila jambo letu gumu tunalijadili hadharani kwenye ukurasa wa mazungumzo, yeyote asome. Nikaeleza yote, nikaeleza pia kwamba dada yake mhusika tunasali kanisa moja, maana hiyo ndiyo desturi yetu, usifiche undugu. Nilijiandaa kwa vita. Korongo akajibu mistari michache: "Gazeti lilitunakili sisi, nami nikalinakili gazeti. Ni kosa langu. Iondoke leo. Tafadhali mwombe msamaha kwa niaba yangu."

Ikaondoka. Kesho yake nikavaa koti zuri nikaenda kumwona Verlene.

Ernestine alinifungulia mlango akicheka, akanikata kipande cha keki cha kumtosha mpasua kuni. Kitanda cha hospitali kilikuwa sebuleni, na ukutani juu yake kilining'inia kibao cha shaba kutoka chuoni: bingwa wa ligi, mita mia nne kuruka viunzi, rekodi ya ligi. Mwenyewe alikuwa amebaki mifupa na macho. Sauti ndiyo haikupungua.

"Mwalimu Gadsden, bado unaburuta miguu hivyo? Inua magoti!"

"Magoti yenyewe hayanisikii, Kocha."

"Soma basi. Ernestine anasema umekuja kunisomea habari zangu mwenyewe."

Nikawasha simu nikasoma. Kwamba alizaliwa Fenwick, akasoma Bledsoe. Kwamba aliruka viunzi, akashinda fainali ya ligi ya vyuo kwa rekodi ambayo haikuvunjwa kwa miaka mingi. Kwamba baadaye alifundisha michezo katika shule ya mji wake. Ukurasa ulikuwa mfupi, nikaumaliza upesi.

"La dawa halimo?"

"Halimo. Na anayeitwa Korongo anakuomba msamaha."

"Korongo," akasema. "Haya, nimemsamehe Korongo."

Ernestine alijifunika uso kwa aproni akalia waziwazi, mabega yanamtikisika, na mimi machozi yalinitoka. Verlene alitungoja tumalize.

"Sasa futa na rekodi," akasema.

Tulidhani ni dawa za maumivu zinazosema.

"Msinitazame hivyo. Akili ninazo. Kiunzi cha nane, kwenye kona. Nilikuwa nimechoka, mguu wangu wa nyuma haukupita juu, ulipita pembeni ya kiunzi, kwa nje. Mwalimu, unajua sheria inasemaje hapo?"

"Unaondolewa mbioni."

"Unaondolewa. Mwamuzi wa kona alikuwa amegeuka, anaitazama bendi inaingia uwanjani. Hakuona. Aliyeona ni msichana wa njia ya pembeni, Oleta Crume, wa kule Georgia. Alikuwa wa pili kwa kidole tu. Tulipofika mwisho alinitazama, akangoja niseme. Nikanyamaza. Akanipa mkono akaondoka."

"Ulikuwa mtoto," nikasema.

"Nilikuwa na miaka ishirini. Na mama alikuwa jukwaani. Alifunga saluni yake siku ile, siku ya kwanza na ya mwisho kuja kuniona nikikimbia. Kofia ilikuwa imemdondoka, anaruka juu kama kichaa, anawaambia wazungu asiowajua kwamba huyo ni wangu. Wewe ungesema? Halafu akapooza, na siku hiyo ndiyo aliyoizungumza mpaka kinywa kikafungika. Ningesema lini?"

"Huhitaji kusema hata sasa!" Ernestine alishusha aproni. "Verlene, nyamaza. Nimepigana kukuondolea uchafu, halafu wewe unataka kutupa na dhahabu?"

"Ni dhahabu ya Oleta."

Nikajaribu kuwa mwalimu. Nikamwambia kwamba magazeti yote ya siku ile yanasema alishinda, waamuzi walitia sahihi, kitabu cha ligi kina jina lake. Nikamwambia neno lake alilolisema sebuleni halitoshi kubadilisha chochote.

"Nilipokuwa nasema sikutumia dawa, Mwalimu, nilimwambia mwalimu mkuu, nikawaambia wazazi, nikawaambia watoto wenyewe. Wote walinionyesha simu zao. Mdomo wangu haukutosha. Leo nasema ushindi si wangu, mdomo wangu bado hautoshi. Sasa mdomo huu utatosha lini? Maana sina muda mwingi wa kungoja."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilimjibu kwamba iko njia moja. Mtu akizungumza juu yake mwenyewe, na gazeti likachapisha maneno yake kama alivyoyasema, hayo tunayapokea.

"Thubutu!" Ernestine akaniambia. "Thubutu kumleta mwandishi kwenye nyumba hii!"

"Mlete," Verlene akasema. "Na usimwogope Ernestine. Huwa anabweka tu."

Boykin alikuja na kinasa sauti chake, mzee mzima ananyata kama mtoto aliyevunja dirisha. Alianza kwa kuomba msamaha, Verlene akamkatiza: "Kaa chini uniandike sawasawa safari hii." Akamweleza yote, kuanzia mama yao na kitanda chake mpaka kiunzi cha nane na Oleta Crume. Ernestine alikaa jikoni muda wote akigonga sufuria kwa makusudi, na kwenye kanda, Boykin aliniambia, sufuria zinasikika vizuri kuliko maswali yake.

Gazeti lile hutoka Alhamisi. Verlene alifariki Jumanne asubuhi, Ernestine akimchana nywele.

Makala ilitoka, nzuri, bila kutia chumvi. Boykin alikiri kosa lake mstari wa kwanza. Nikaikata nikaiweka mezani mbele ya kompyuta, nikanyoosha vidole, na simu ikalia.

"Usiiandike," alisema Ernestine. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha. "Gazeti watu watafungia vyombo, wiki ijayo limekwisha. Lakini kwenu huko kitu hakipotei. Mtoto wa mjukuu wangu atasoma kwamba shangazi yake alishinda kwa hila. Nakuomba, Lemuel. Sijawahi kukuomba kitu."

"Yeye mwenyewe aliniomba."

"Yeye amekwenda. Mimi ndiye niliyebaki na kibao ukutani."

Nikamwendea Korongo, nikitumaini atanipa sheria ya kujificha nyuma yake. Akaniandikia: "Inaruhusiwa kuwekwa, na inaruhusiwa kuachwa. Ni kauli yake kuhusu nafsi yake, na imechapishwa. Lakini matokeo rasmi hayajabadilika, na si kila kitu kilichochapishwa lazima kiingie. Wewe unamfahamu. Amua wewe."

Nilikasirika, nusura nizime kompyuta kwa ngumi. Miaka yote hii chanzo ndicho kilichokuwa kikiamua, mimi nafuata, nalala usingizi wangu. Safari hii chanzo kipo, sheria iko kimya, na wanawake wawili wa nyumba moja wananivuta kila mmoja upande wake, mmoja marehemu. Sikuandika. Niseme wazi, nilimwogopa Ernestine, na pia nilimhurumia, sijui kipi kilizidi.

Siku ya kumuaga kanisa lilifurika. Watoto aliowafundisha walikuja kweli, wengine sasa wana ndevu, na simu zao mkononi kama dada yake alivyosema. Kila mtu alipewa kijitabu cha ibada chenye picha ya Verlene juu ya kiunzi. Kwetu sisi wasifu wa marehemu huandikwa na familia, na mmoja wa familia husimama akausoma. Hakuna anayekosea humo. Nimezika walevi wawili na mtu aliyewahi kuiba gari la mchungaji, na kwenye vijitabu vyao wote walikuwa nguzo za jamii. Watu wanaujua utamu huo na wanausamehe.

Ernestine alisimama na kofia nyeusi. Alisoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma shule. Sauti ilikuwa imara. Akafika palipoandikwa, nami nilikuwa nafuatisha kwa kidole kwenye nakala yangu: "Alikuwa bingwa wa ligi na mwenye rekodi ya..."

Akanyamaza.

Mpiga kinanda alidhani amezidiwa na kilio, akaanza kupiga taratibu kumsaidia. Ernestine alimwinulia mkono anyamaze.

"Hapa nimeandika jambo," akasema. "Nililiandika mimi, na nililipia wino. Lakini mdogo wangu alikuwa kitandani, hawezi hata kushika kikombe, akaniambia si kweli. Mguu wake ulipita nje ya kiunzi. Mshindi alikuwa msichana anaitwa Oleta Crume." Akageukia mabenchi ya nyuma. "Mlisema alitumia dawa. Wengine mko humu ndani, nawaona. Hakutumia. Alikuwa anamgeuza mama yetu kitandani. Mtu aliyekataa kufa na kitu kisicho chake, nyie mlimwita Kocha Sindano."

Nyuma kabisa mwanamume mmoja mkubwa, mwenye suti inayombana, aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele. "Sema, dada," mtu akaitikia, na mwingine, "Mseme." Ernestine akaruka mstari ule, akausoma wasifu mpaka mwisho, akarudi kukaa.

Baada ya maziko tulishuka ukumbi wa chini kama kawaida, kuku, sukuma, pai ya viazi vitamu. Alikuja na sahani yake akakaa kando yangu bila kuniuliza kama kiti kina mtu.

"Kanisa zima limesikia," akasema. "Hicho si chanzo?"

"Hapana, Dada Ernestine."

"Una kichwa kigumu, wewe."

"Lakini gazeti ni chanzo."

Alikula kidogo, akaweka uma. "Toa simu. Andika nikiwa nakuona, maana huaminiki."

Nikaandika hapo hapo, kwa kidole kimoja, sahani imesukumwa pembeni. Niliiacha rekodi ilipo, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyosema, nikaongeza sentensi mbili chini yake na gazeti la Boykin kama chanzo. Kisha nikamsomea, polepole, kwa sababu ya kelele za vyombo.

"'Askew aliacha riadha katika mwaka wake wa mwisho ili kumuuguza mama yake. Muda mfupi kabla ya kifo chake alisema kwamba katika fainali ile hakukiruka kiunzi cha nane kwa halali, na kwamba ushindi ulikuwa wa Oleta Crume.'"

Ernestine alikuwa anatazama ngazi, wale vijana wenye ndevu wanashuka mmoja mmoja na kofia mikononi.

"Lile la dawa halimo?"

"Halimo."

"Na mama yumo."

"Yumo."

Alitoa leso kwenye mkoba, hakuitumia, akaikunjakunja tu mapajani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.